Pilau Isiyo na Nyama Nyumbani kwa Muuza Nyama

Nimechoka kuulizwa. Tangu nilipoweka chini mwiko na kuacha upishi wa shughuli, haupiti mwezi asije mmoja wenu kukaa kibarazani kwangu, kunywa chai yangu, halafu kuniuliza, "Babu, ile pilau isiyo na nyama ulikuwa unaipikaje?" Nikianza kumweleza ananikatiza. Babu, fupisha. Babu, nipe vipimo tu. Haya, leo nasema mara moja kwa wote, na anayetaka vipimo tu akaulize kwa wauza mizani.

Mpishi wa pilau hapimi, ananusa. Hilo nilifundishwa na Fundi Khamisi, mtu wa pwani aliyepanda huku Nyanda za Juu na mbuzi yake ya kukunia nazi akidhani minazi ataikuta. Alinichukua Iringa nikiwa sijui hata kuchambua mchele, akanifundisha miaka miwili, kisha tukahamia Mbeya pamoja kwa sababu Mbeya harusi zilikuwa nyingi na wapishi wachache. Miaka ya hamsini hiyo. Mji mdogo, baridi kali, na sisi Waislamu wa mjini tukijuana wote mpaka mbuzi wa kila mtu.

Fundi alikuwa na maneno yake kuhusu pilau, na aliyasema kila siku kama vile hajawahi kuyasema. Kitunguu ukikaange mpaka kifanane na kahawa, si chai. Nyama ichemke mpaka supu ishike vidole. Mchele uukaange kidogo kabla ya supu, na supu imiminwe ingali inachemka. Bizari nyembamba usiitwange jana ukaipikia leo. Ukimaliza, palia makaa juu ya mfuniko, ondoka, usifunue kila dakika kama mtu aliyepoteza kitu ndani. "Pilau ni supu," alikuwa akisema. "Mchele ni wa kuibebea tu."

Sasa mchukueni mtu huyo, mumwambie apike pilau bila nyama.

Ilianzia kwa Mzee Salumu. Na huyu Mzee Salumu, msicheke, alikuwa muuza nyama. Bucha lake lilikuwa jirani na soko, na nyumba yake nyuma ya bucha. Alikuwa na binti mmoja, Tatu, ambaye mama yake alifariki mtoto akiwa bado hajaanza kutembea. Ng'ambo ya njia palikuwa na duka la vitambaa la Wahindi wawili, mtu na mkewe, na huyo mke sisi tulimwita Mama Kanti kwa jina la mwanawe. Siku ya msiba alivuka njia, akamchukua mtoto akamnywesha maziwa, na tangu siku hiyo Tatu akawa na nyumba mbili. Baba akiwa machinjioni, mtoto yuko dukani kwa Mama Kanti. Alikula kwake, alisuka nywele kwake, homa zake zote zilitibiwa kwake.

Lakini Mama Kanti mwenyewe hakuwahi kula chochote nyumbani kwa Mzee Salumu. Angewezaje? Watu wa dini yake hawali nyama wala yai, na nyumba ile kila kisu, kila sinia na kila ubao ulikuwa umegusa ng'ombe. Ikiwa Idi, anakuja, anakaa kizingitini, anapewa pole kwa moshi wa jiko letu tu, anarudi kwake. Miaka yote hiyo.

Tatu akaposwa na kijana wa Iringa. Siku zilipokaribia akamwambia baba yake maneno ambayo nilikuja kuyasikia mara nyingi kuliko nilivyotaka: "Baba, mimi nimekula kwa Mama Kanti tangu sina meno. Yeye hajawahi kula kwetu hata tonge moja. Nikienda Iringa bila yeye kula kwetu, nitakuwa nimeondoka nyumbani kwa watu wasio na fadhila. Asipokula, sitoki ndani."

Mzee Salumu alimjua binti yake. Akanijia mimi, hakwenda kwa Fundi, maana alijua Fundi angemfukuza.

"Rajabu," akasema, "nataka pilau. Ile ile ya harusi. Ila isiwe na nyama."

"Wali wa njegere?"

"Nimesema pilau. Tatu amesema pilau ya harusi yake, siyo wali."

Nikamwambia hakuna shida. Vijana, neno hilo "hakuna shida" limeniletea shida nyingi kuliko deni. Nilikwenda zangu nikapika ya kujaribu kwa viazi, viazi vizuri vya milimani, nikavikaanga vikawa na ganda jekundu, vitunguu tele, nikapeleka ng'ambo ya njia nikiwa na kichwa kikubwa. Mama Kanti akafunua, akanusa, akafunika.

"Nzuri sana, Rajabu. Lakini mimi hapana kula kiazi."

"Kiazi si nyama, mama."

"Iko chini ya udongo. Kitu ya chini ya udongo, mimi hapana kula. Kiazi hapana, karoti hapana, kitunguu hapana, saumu hapana, tangawizi mbichi hapana. Uking'oa, viumbe vidogo nakufa."

Nilisimama pale dukani nikiangalia vitambaa. Nyama imeondoka, sawa. Viazi vimeondoka. Lakini kitunguu! Rangi ya pilau ni kitunguu. Harufu ya pilau ni kitunguu na saumu. Nikamuuliza kwa adabu kama kuna kitu kingine kilichobaki nje ya orodha ya marufuku, akafikiri, akasema, "Na jua ikizama, mimi hapana kula tena. Nasikia adhana yenu ya magharibi, nafunika sufuria. Kila siku mimi nafuata adhana yenu."

Yaani mwadhini wetu alikuwa akimfungia jiko bila kujua. Nikarudi nyumbani na viazi vyangu, nikavila mwenyewe kwa hasira.

Nikaenda kumweleza Fundi Khamisi. Alikuwa akinoa kisu. Akasema, "Mwanangu, hiyo si pilau. Huo ni wali uliochafuka. Mwambie Salumu ampe mgonjwa wake uji." Nikamwambia si mgonjwa, ni mama aliyemlea Tatu. Akasema hata kama ni yeye aliyemzaa, pilau bila supu haipo duniani wala haitakuwepo.

Basi nikahangaika peke yangu. Badala ya supu nikachemsha dengu muda mrefu. Na hapa sikilizeni, maana wengi mmeshindwa hapa: Mbeya iko juu, maji yanachemka upesi lakini hayana nguvu, dengu ya saa moja kule pwani huku ni ya saa mbili na ushee, na usipoiloweka tangu usiku utakula changarawe. Nikachuja yale maji yake mazito. Badala ya viazi nikatafuta ndizi mbichi za Tukuyu. Mama mmoja wa Kinyakyusa sokoni aliponiuliza za nini nikamwambia za kutia kwenye pilau, akaniangalia kwa huruma, akaniongeza mbili, akasema, "Ndaga, asante baba, Mungu akusaidie." Rangi nikaipata kwa kuunguza sukari kidogo kwenye samli ya Usangu mpaka igeuke kahawia, ndipo viungo vinaingia. Sekunde mbili zaidi inakuwa chungu kama dawa. Mchele ni wa Ubaruku, na mchele huo haukuwahi kunitukanisha.

Ikatoka pilau nzuri kwa macho. Ukiitia mdomoni, ilikuwa kimya. Mdalasini ulikuwemo, iliki ilikuwemo, karafuu, pilipili manga, kila mtu yupo ila mwenye nyumba hayupo. Nikampelekea Mama Kanti, nikakaa kwenye gunia, nikamwambia ukweli kwamba nimeshindwa.

Akaonja, akatikisa kichwa, akaingia ndani, akarudi na kijiwe kidogo cha kahawia kimefungwa kwenye kitambaa. Kabla hajanifikia nilikwisha kukijua kwa harufu.

"Mama Kanti, huo ni mvuje."

"Ndiyo. Badala ya kitunguu."

Kwetu sisi mvuje unafungwa shingoni mwa mtoto jicho baya lisimwone. Mvuje unafukiziwa mtu mwenye mashetani. Unanuka kiasi kwamba shetani mwenyewe anaomba ruhusa aondoke. Nikamwambia nikitia mvuje kwenye pilau ya harusi, watu wa Iringa watafikiri bwana harusi anapungwa pepo. Akacheka mpaka akashika meza. Akanipeleka uani kwake, akatia samli kwenye kikaango, akakwangua mvuje kidogo sana, kiasi cha kuingia kwenye kucha, akautia kwenye samli ya moto. Ile harufu mbaya ikapanda, ikakaa, kisha ikageuka. Sijui niwaeleze vipi. Ilikuwa kitunguu na saumu vimekaangwa pamoja, na hakukuwa na kitunguu wala saumu.

Nilikasirika sana. Niliunguza sukari siku nzima, na mtu huyu alikuwa na jibu ndani ya kabati.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Wewe hapana uliza. Wewe nasema, hakuna shida."

Sasa siku ya harusi. Watu wa Iringa walifika mchana kwa lori, wamejaa vumbi, wanasalimia "kamwene" kila mtu mpaka mbuzi. Uani Fundi Khamisi alikuwa na masufuria yake makubwa juu ya mafiga, supu inanukia mpaka bondeni. Mimi nilijitenga kwenye kona ya upande wa njia na sufuria mpya ambayo haijawahi kuguswa na nyama, mwiko mpya, maji yangu mwenyewe, moto wangu mwenyewe. Nilikuwa nimetangaza kwamba atakayesogea nitammwagia maji ya moto. Baada ya alasiri pilau yangu ilikuwa imekauka vizuri, nikaipalia makaa, nikaenda kuchukua sahani ya Mama Kanti, maana alileta yake ya shaba.

Niliporudi nikanusa. Nimewaambia mpishi ananusa. Ilikuwa nyama.

Fundi Khamisi alikuwa amesimama kando ya sufuria yangu na upawa wake mkononi, uso umetulia kama mtu aliyetoka kutoa sadaka.

"Fundi, umefanya nini?"

"Nimekuokoa. Upawa mmoja tu. Nimeonja, ilikuwa tamu, sikatai, lakini haina mwili. Mama wa watu amelea mtoto wetu miaka yote, leo ndiyo mara ya kwanza anakula kwetu, halafu tumpe maji ya dengu? Roho yangu imekataa."

"Fundi, yule hali nyama!"

"Ni supu, siyo nyama. Sikutia kipande."

Nilitaka kulia. Mtu yule alinifundisha kila nilichokijua, na hakufanya kwa ubaya hata chembe. Ndiyo maana ilikuwa mbaya zaidi. Mbaya wako utamgombeza, lakini mwenye huruma ya kijinga utamfanya nini?

Mzee Salumu akaja mbio. Akasikia, akashika kichwa. Akaangalia mlima, kwa sababu pale Mbeya jua halingoji kuzama, linaingia nyuma ya mlima mapema na kivuli kinashuka mjini wakati bado kuna mwanga. Kivuli kilikuwa kimeshafika kwenye mabati ya soko. Akasema kwa sauti ya chini, "Rajabu, hatajua."

"Nitajua mimi. Utajua wewe. Na Tatu hakuomba Mama Kanti adanganywe, aliomba ale."

Akaangalia tena mlima. Kisha akasema, "Twende basi tumwombe mwadhini achelewe kidogo."

"Salumu, laana hiyo," Fundi akamkemea. Angalau kwa hilo alikuwa na akili.

Pilau ile niliwapa dereva wa lori na utingo wake, na mpaka kesho wanaisifia. Lakini sasa sufuria ilikuwa imeharibika, mwiko umeharibika, na nyumba nzima haikuwa na chombo kingine kisichojua ng'ombe. Ilibidi nivuke njia, nimwambie Mama Kanti mwenyewe kilichotokea. Nilikuta amekwisha kuvaa, sari ya kijani yenye uzi wa dhahabu, nywele zimepakwa mafuta, ameketi akingoja kuitwa kama mama mzazi. Nikamwambia yote, sikuficha. Niliona uso wake ukiinama na nikajua imekwisha. Atasema asante, atakuja kukaa kizingitini, na Tatu hatatoka ndani, na watu wa Iringa watarudi na lori tupu.

Akauliza, "Mzee Fundi alisema nini?"

"Alisema roho yake imekataa akupe maji ya dengu."

Kisha akainuka, akaingia jikoni kwake, akatoka na sufuria yake, mwiko wake, na bakuli la dengu iliyokwisha kuchemka kwa chakula chake mwenyewe cha jioni.

"Huyu mzee hapana mtu mbaya," akasema. "Lakini wewe shika upawa yake."

Akavuka njia na sari yake ya dhahabu, akakaa kwenye kigoda kando ya moto wangu, katikati ya moshi, kulinda. Fundi Khamisi alipomwona alitaka kuondoka. Mama Kanti akamwita, "Mzee, pepea moto." Na Fundi, mtu ambaye hakuwahi kupepea moto wa mtu tangu nimjue, akachuchumaa akapepea, amenuna, haangalii mtu.

Sijawahi kupika haraka vile. Sukari ikaungua, mvuje ukaingia, viungo, mchele, maji ya dengu, ndizi, njegere. Kivuli kikapita bucha. Kikapita duka la vitambaa. Kule chini Iyunga tu ndiko kulikobaki na jua, na Mzee Salumu alisimama mlangoni akituambia, "Iyunga bado, Iyunga bado," kama mtu anayetangaza mnada. Nikafunua kabla ya wakati wake, jambo ambalo nimewakataza ninyi nyote, nikapakua kwenye sahani ya shaba, nikaipeleka mpaka kwenye pazia la chumba cha bibi harusi. Mimi ni mwanamume, sikuingia. Mama Kanti akaipokea mwenyewe akaingia nayo.

Nikabaki nje ya pazia. Fundi akaja akasimama pembeni yangu, akijifanya anatafuta kitu. Kisha nikasikia sauti ya Mama Kanti.

"Rajabu. Chumvi kidogo mno."

Ndipo nikakumbuka. Supu ya nyama huja na chumvi yake, na mkono wangu, kwa haraka, ulikuwa umetia chumvi ya pilau yenye supu. Baada ya yote yale! Nikasema niletee nirekebishe, akasema, "Hapana, hapana, mimi nakula," na nikasikia bangili zake zikigonga sahani, tena na tena, na Tatu akilia kwa sauti kama mtoto. Fundi Khamisi akajifuta macho akasema moshi huu.

Adhana ikatoka. Pazia likafunuliwa, na sahani ilikuwa tupu.

Sahani ile Mama Kanti hakurudi nayo ng'ambo. Alimwoshea Tatu, akamfungia kwenye khanga zake, akasema, "Peleka Iringa. Mimi nakuja, nakula."

Sasa mmenielewa kwa nini sipendi kuulizwa vipimo? Lakini bado sijamaliza. Baadaye nilikwenda Iringa kwa shughuli nyingine, nikapita kwa Tatu kumsalimu. Sahani ya shaba ilikuwa kwenye rafu peke yake, inang'aa. Nikamuuliza kama Mama Kanti huja. Akasema huja kila mwaka, na hula kwa sahani hiyo, na mtu mwingine haitumii. Akaniandalia pilau ile ile, kwa mvuje na ndizi na sukari ya kuungua. Rangi safi, mchele umeachana punje kwa punje. Nikala tonge la kwanza nikaweka mkono chini.

"Tatu, chumvi imepungua."

"Najua, kaka."

"Basi ongeza."

"Siongezi," akasema. "Hivi ndivyo alivyoila kwetu mara ya kwanza."

Nimepika harusi mbili kila mwezi maisha yangu yote, sijawahi kukosea chumvi ila siku ile moja, na hiyo ndiyo waliyoirithi. Amewafundisha na wanawe. Mkipita Iringa mkapewa pilau isiyo na nyama na mkaona chumvi haitoshi, msiombe chumvi. Kuleni.